Siku moja maishani mwangu: mbuzi waliotupa mimba Witu

Saa kumi na moja alfajiri. Adhana haijaisha hapa Mokowe, Lamu, simu inalia. Mzee mmoja mfugaji, upande wa Witu. "Daktari, mbuzi sita wametupa mimba usiku mmoja." (Mimi ni afisa mifugo tu, lakini udaktari huo nimeshindwa kuukataa.) Angetupa mmoja ningelala tena. Sita, na mvua hii isiyokatika? Nikamwambia asiguse kitu.

Saa mbili unusu. Wameshagusa. Mkewe amewazalisha kwa mikono mitupu, na vijusi vimelundikwa kando ya zizi, mbwa wanavizunguka.

Ninachohofia ni homa ya Bonde la Ufa. Ilitambuliwa karibu na Naivasha miaka ya 1930, ila huku kwetu tunaikumbuka ile ya 2006 kuamkia 2007, iliyoanzia kwa jirani zetu Garissa. Mayai ya baadhi ya mbu wanaoieneza hukaa udongoni miaka na virusi vyake, yakingoja mafuriko. Mtu huipata kwa mbu, na pia kwa kushika damu na vijusi vya mnyama mgonjwa.

Navaa glavu, barakoa na miwani, natoa damu kwenye mshipa wa shingo. Huenda ikawa brusela, ugonjwa mwingine unaotupisha mimba. Maabara ndiyo itakayosema. Ripoti naituma kwa simu papo hapo.

"Ukiandika hivyo soko litafungwa," mzee ananiambia. "Karo nitalipa na nini?"

Sina jibu. Wengi hunyamaza kwa hofu hiyohiyo, nami siwezi kuwaita wajinga. Anauliza mbona nisiwachanje leo. Namweleza: ugonjwa ukishaingia, sindano inayotoka mnyama hadi mnyama yaweza kuusambaza. Asichinje, asiuze, maziwa yachemshwe. Mama akishikwa na homa aende hospitali, na aseme alishika vijusi.

Saa saba. Kasha la barafu limepanda gari la Mombasa. Mwenzangu atalipokea alifikishe maabara ya Mariakani. Nakula wali baridi.

Saa tisa. Nimezunguka maboma manne ya jirani. Matatu, "hatuna tatizo". La nne, mtoto akaropoka kuwa kondoo wao wawili walitupa juzi. Babake akamkata jicho.

Saa mbili usiku. Mzee tena. Wametupa wengine wawili. Safari hii ameshika kwa mifuko ya plastiki, amechimba shimo la kina, chokaa hana. Nikamwambia alundike miiba juu, mbwa wasifukue.