Sale yako iko wapi, mama?

Jumapili, 5 Januari 2025

Mkungu wa ndizi uko nyuma ya mlango wa jikoni tangu juzi, na nyumba nzima inanukia Marangu. Nguo za watoto nimezifua mara mbili, udongo mwekundu bado umeng'ang'ania magotini. Dada anaanza darasa la kwanza hivi karibuni na sijanunua hata soksi. Badala ya kuhangaika na hayo nimekaa na kikombe cha chai ya tangawizi, naandika, maana najua nikiiacha wiki ipite nitabaki na picha za kwenye simu tu. Na kwenye picha hizo kila mtu anacheka.

Tuliondoka Ijumaa tarehe 20 Desemba kwenda Marangu, chini ya Kilimanjaro, kwa mama mkwe wangu: mimi, Dada wa miaka sita, na mdogo wake Kibonge wa miaka mitatu. Baba yao alibaki kazini mpaka tarehe 23. Anayeishi Dar anaijua Desemba. Wachagga wanapanda kwao, foleni zinapungua, na wanaobaki mjini wanawatania kwamba wameitwa kuhesabiwa. Mimi Mbondei wa Muheza, nimeolewa tu huko, lakini huu mwaka wa nane nahesabiwa pamoja nao.

Saa kumi na nusu alfajiri tulikuwa Mbezi, kituo cha Magufuli, Kibonge kalala begani kama kiroba cha unga, Dada kashika pindo la gauni langu, na mimi nahesabu mizigo kwa sauti: moja, mbili, tatu, watoto wawili. Ile hesabu niliirudia mpaka Marangu. Mwanamke mmoja kwenye foleni akanicheka, halafu nikamwona na yeye anahesabu vya kwake.

Kabla ya Chalinze Kibonge akatapika. Zamani kondakta alikuwa anapita na mifuko ya rambo kabla hata basi halijatoka kituoni, kila mwenye mtoto anapewa wake. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2019 kila mama anajua la kufanya, na mimi la kwangu lilikuwa kanga. Sheria naiunga mkono, mitaro ya mtaani kwetu inapumua siku hizi. Ila kanga ile nilikuwa naipenda.

Tulipovuka Wami na kwenda mbele kidogo, basi likasimama porini na kondakta akapaza sauti: "Wa kuchimba dawa, dakika tano!" Dada akashtuka.

"Dawa gani? Nani anaumwa?"

Nikamwambia shuka tu, utaiona. Tukashuka, tukajificha nyuma ya kichaka, tukamaliza shughuli yetu. Alipopanda tena akasimama katikati ya njia ya basi, mikono kiunoni, akatangaza: "Mbona hakuna hata mmoja aliyechimba?" Basi zima likaangua kicheko. Kuanzia hapo kondakta alimwita Daktari, na kila tulipokaribia mji mwingine alimuuliza kama wagonjwa wanaendeleaje. Mtoto alivimba kichwa, na mimi nikafurahi naye, nikajiambia safari hii imeanza vizuri. Nilisema mapema mno.

Korogwe tulikula kwa dakika ishirini, chipsi za moto zinazounguza ulimi na kuku ambaye nadhani alikuwa mkubwa wangu kiumri. Nikanunua machungwa dirishani, maana machungwa ya upande wa kwetu siwezi kuyapita bila kuyanunua, pamoja na chupa ya juisi ya embe. Jirani yetu kwenye kiti cha tatu alikuwa mzee aliyevaa suti ya rangi ya maziwa, imenyooshwa, kama vile harusi inamsubiri stendi. Sijui ni nani mwenye akili timamu anayesafiri kutwa nzima na suti ya rangi ile. Tulipofika karibu na Mombo nikainama kumenya chungwa. Nilipoinua kichwa, juisi ilikuwa kwenye suruali ya mzee, kuanzia gotini kushuka chini, na chupa ilikuwa mkononi mwa Dada.

Nikamfinya. Kwenye paja, kwa kucha, kile kifinyo cha kimyakimya cha hadharani ambacho mama zetu walitufundisha kwa kutufinya sisi. Hakulia. Alisema mara moja tu, taratibu, "Si mimi." Nikamwambia nyamaza.

Mzee akasema, "Acha mama, hao ni watoto." Nikafuta suruali ya watu kwa kipande safi cha kanga kilichobaki, nikiomba radhi mpaka maneno yakaniishia. Ni baada ya hapo ndipo nilipomwangalia Kibonge. Alikuwa analamba vidole kimoja kimoja, kidevu kinang'aa kwa embe, na kifua chote kimelowa. Dada alikuwa ameokota chupa tu.

Nilijua palepale. Na sikusema kitu. Niliogopa nini sijui, labda mzee angeniona mama gani huyu asiyejua mtoto wake yupi kafanya nini. Kuanzia Mombo mpaka Same Dada aligeukia dirishani. Milima ya Upare ikapita upande wetu wa kulia, mashamba ya mkonge yakapita, mistari yake imenyooka kama ya daftari, mbuzi wakapita, na yeye hakuuliza swali hata moja. Huyu ni mtoto aliyewahi kuniuliza kwa nini jogoo hana masikio.

Tulishukia Njia Panda ya Himo jioni. Kondakta akamuaga: "Daktari, kwaheri." Akapunga mkono bila kucheka.

Mama mkwe wangu anaishi peke yake kwenye kihamba, shamba la ukoo lenye nyumba ndani yake, na ng'ombe mmoja bandani ambaye anaongea naye Kichagga tu. Na sisi anaongea Kiswahili, ila akichoka au akifurahi sana kinamponyoka. Watoto wangu wanajua neno moja, *aika*, na wanashukuru nalo kila kitu mpaka mvua. Migomba imefunga kila upande, katikati yake kahawa chache zilizobaki, na maji ya mfongo, mfereji wa kumwagilia, yanapita nyuma ya jiko yakiongea usiku kucha. Baridi ile mtu wa Muheza hawezi kuizoea. Nililala na soksi, sweta, na watoto wawili, mmoja kila upande, wananiwekea miguu tumboni.

Kibonge alikuja kwa ajili ya mlima Kilimanjaro. Nilimwahidi mlima tangu Novemba. Asubuhi ya kwanza akatoka nje akatazama juu, wingu tupu. Siku ya pili wingu. Akamuuliza bibi yake, "Mlima umeenda wapi?" Bibi akamjibu kuwa umejifunika blanketi, una baridi kama mama yako.

Siku ile ya pili, Jumapili baada ya kanisa, wajukuu walikuwa kumi na mmoja uani, na tairi la baiskeli lilikuwa moja. Unajua linaloendelea hapo. Dada aliisubiri zamu yake, ikarukwa, akasubiri tena, ikarukwa tena, akamparura binamu yake shavuni. Mistari mitatu, na damu kidogo. Mimi nilikuwa jikoni namenya ndizi za machalari, nikasikia kilio, nikatoka na kisu mkononi na hasira yangu yote. Bibi alinitangulia. Akaninyooshea kiganja tu, kwamba baki hapo.

Hakumchapa. Alimshika mkono wakatembea mpaka kwenye mpaka wa kihamba, pale kwenye ua wa masale. Asiyeyajua: ni mmea wenye majani marefu ya kijani yaliyochongoka. Wachagga wanaotesha mipakani, na kwenye makaburi pia. Babu yao amelala pale pale kwenye migomba na sale zimemzunguka. Bibi akamwambia akate jani moja. Akamwonyesha kulipiga fundo katikati, likamshinda, wakafunga pamoja. Kisha akamwambia alibebe kwa mikono miwili ampelekee binamu yake, na asiseme kitu.

"Nisiseme samahani?"

"Sale inasema."

Binamu ana miaka saba, kazaliwa palepale, kwa hiyo yeye alijua. Alilipokea jani kwa mikono miwili, uso bado umelowa machozi, akasimama wima kama mzee wa baraza. Halafu wakaenda kugombania tairi na watu wengine, safari hii wakiwa upande mmoja. Bibi akarudi jikoni akaniambia sale haikataliwi. Hata mtu awe na kosa la damu, akija na sale unamsikiliza. Zamani ilikuwa hivyo, akasema, halafu akatikisa kichwa akanielekeza ndizi zilizobaki.

Baba yao alifika Jumatatu usiku. Jumanne, siku moja kabla ya Krismasi, Bibi akatuamsha gizani. "Amkeni, limefunuliwa." Tukatoka na mablanketi. Sijui niandikeje. Ukikaa Dar unauona mlima kwenye chupa za maji na kwenye kalenda mpaka unadhani unaujua. Kibo, kilele kirefu, ilikuwa imekaa pale, nyeupe, karibu mno, ikianza kugeuka rangi ya waridi upande mmoja, na Mawenzi, kilele cha pili, pembeni yake, nyeusi, imechongokachongoka. Hakuna aliyesema kitu. Kibonge alinyoosha kidole, halafu akakirudisha mdomoni.

Bibi akaketi kwenye gogo akawapakata wote wawili na kuwasimulia. Hadithi hii kila ukoo wa huku unaisimulia kivyake, ya kwake ni hivi. Mawenzi alikuwa mvivu, moto wake unazimika kila mara. Akaenda kwa ndugu yake Kibo kuomba moto, akamkuta anatwanga ndizi kavu. Kibo akampa moto, na ndizi juu. Mawenzi alipofika njiani akauzima kwa makusudi, akarudi, akapewa tena moto na ndizi. Akauzima tena. Mara ya tatu Kibo akainua mchi akamtwanga nao, na ndiyo maana mpaka leo Mawenzi ana yale makovu.

Kibonge akauliza ndizi zilikuwa ngapi. Dada alikuwa kimya, anautazama mlima.

"Bibi, halafu Kibo alimpelekea sale?"

Bibi akafikiri kwa muda mrefu. Nilimwona anaitafuta, kama kweli kuna sehemu ya hadithi ambayo mama yake alimsimulia na yeye kaisahau. "Hilo sikusimuliwa," akasema.

"Angepeleka," Dada akasema. Kisha akanigeukia mimi, bila hasira yoyote, kama anayeniuliza funguo ziko wapi: "Na wewe ulinifinya kwenye basi na haikuwa mimi. Sale yako iko wapi, mama?"

Baba yao akacheka, maana hakuwa na habari. Mimi pia nikaanza kucheka, kile kicheko cha mtu mzima anayetaka jambo lipite. Bibi hakucheka. Aliniangalia tu, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, masale yale pale."

Nilikwenda. Umande ulikuwa unanilowesha mpaka magotini, nimevaa ndala na blanketi la mume wangu, mwanamke wa miaka thelathini na minne anayekwenda uani kuchuma jani. Jani la sale ni gumu kuliko linavyoonekana, na fundo lilinishinda mara mbili, likawa linafunguka. Kilichonishangaza ni jinsi mikono ilivyokuwa inatetemeka, na haikuwa baridi peke yake. Mama yangu mzazi alinifinya utoto wangu wote, kwa makosa yangu na kwa makosa ya wadogo zangu. Sikumbuki hata siku moja aliyorudi kuniambia kitu. Ni mama mzuri, yuko hai, na jana tumeongea kwenye simu kuhusu bei ya machungwa.

Nikarudi na jani kwa mikono miwili. Dada akashuka mapajani kwa bibi yake, akalipokea kwa mikono miwili, akalikagua fundo kama mwalimu anayesahihisha.

"Umefunga vibaya," akasema. Akalifungua, akalifunga upya mwenyewe.

Krismasi yenyewe ilikuwa kama Krismasi zote za huko: kanisa limejaa mpaka nje, mbuzi, machalari, mtori wa asubuhi, wazee na mbege yao, pombe ya ndizi, chini ya mti, na magari ya mjini yamebanana kwenye vijia vya udongo yakipigiana honi. Nilikula mpaka nikajichukia. Kibonge aliuona mlima mara mbili zaidi na mara zote mbili akauliza kama Mawenzi bado anaumwa.

Ila hilo la asubuhi ya Jumanne halikuishia kwenye fundo. Dada alikaa na jani lake mapajani, akanywa chai, akala kipande cha ndizi ya kuchoma. Halafu akakumbuka.

"Lakini Kibonge ndiye aliyemwaga juisi. Na yeye alete."

Kibonge akaelezwa kosa lake, akalikataa, akaonyeshwa jinsi alivyolamba vidole, akalikubali. Akaondoka mwenyewe kwa hatua kubwa kuelekea mgombani, amevaa sweta ya baba yake inayoburuta chini, na sote tukabaki tunamsubiri. Tukasikia kitu kinachanika. Tukasikia anaguna. Alipotokea alikuwa anatembea kinyumenyume, anavuta kwa mikono miwili jani zima la mgomba, refu mara tatu yake, na kuku wa Bibi wanamfuata nyuma.