Objekti Nilizoziomba kwa Mkono

Msimbo ule niliuandika kwa mapenzi. Huduma yetu ilitengeneza nyaraka za aina tatu, na aina ilijulikana pale tu mtumiaji alipobonyeza kitufe. Tulitumia CDI, mfumo wa Java ambao kontena yake huunda objekti na kuzikabidhi kwa msimbo unaozihitaji. Kwa hiyo @Inject yake ya kawaida, ambayo hukabidhi objekti moja mapema, haikunifaa. Nikachomeka Instance, ambayo huombwa objekti pale inapohitajika, nikaita select() na alama ya aina iliyotakiwa, kisha get(). Rundo zima la if likaondoka. Mpaka leo naamini uamuzi ule ulikuwa sahihi.

Wiki ya pili seva ikaanza kuishiwa kumbukumbu. Grafu ilipanda mchana, usiku ikatulia bila kushuka, asubuhi ikaendelea kupanda kutoka palepale. Nikashuku hifadhidata, nikashuku maktaba ya PDF. Msimbo wangu sikuugusa.

Usiku mmoja, yapata saa nane, nilichukua nakala ya kumbukumbu yote na kuipanga kwa idadi. Klasi yangu ilikuwa juu kabisa: objekti zaidi ya 200,000, na wakati huo hapakuwa na mtumiaji hata mmoja. Nikafuata mnyororo nijue nani anazishikilia. Nikaikuta ile Instance, ndani ya huduma ya @ApplicationScoped, inayoishi mpaka programu izimwe. Moyo ukanipiga paa.

Asubuhi nilimwonyesha mwenzangu aliyenitangulia kazini. Akasoma mistari michache, akauliza, "Umeiomba, umeitumia. Nani anaifunga?"

"Si kontena?"

"Kontena inamsubiri mwenye nayo afe. Na huyu mwenye nayo hafi."

Objekti zenyewe zilikuwa @Dependent, yaani uhai wake umefungwa kwenye uhai wa anayezimiliki. Tena zilikuwa na methodi ya @PreDestroy, inayoitwa kabla objekti haijaharibiwa, ya kufuta faili la muda. Kontena ilikuwa ikizitunza moja moja, zote, ili siku ya mwisho iitimize methodi hiyo. Ilikuwa ikifanya kazi yake kwa uaminifu, na mimi kwa siku kadhaa nilikuwa nikiitafuta hitilafu kwa wengine.

Nikayazungushia matumizi ya objekti try, na kwenye finally, sehemu inayotekelezwa hata kosa likitokea, nikaandika destroy() ya Instance nikiipa objekti ileile niliyoipata. Methodi hiyo imo ndani ya CDI tangu toleo la 1.1 la mwaka 2013. Nilikuwa nimeipita mara nyingi kwenye nyaraka bila kuisoma.

Siku ile sikubanduka mbele ya grafu. Ikapanda, mzoa taka wa Java, anayefuta objekti zisizoshikiliwa tena, akapita, ikashuka mpaka pale ilipoanzia. Nikamwita mwenzangu aje aione.