Jumapili niko kazini

Leo Jumapili afu niko darasani nafundisha, msinishangae. Huku China mkipewa likizo ndefu ya Oktoba mosi msidhani ni ya bure, siku zingine mnazilipa wikiendi, wenyewe wanaita tiaoxiu, mi naita mkopo. Watoto nao hoi, saa sita na nusu wamekula wali wao wakalala vichwa juu ya madawati, taa zimezimwa, kimyaaa, hadi tichaa nikasinzia 😂 Naenda kujaza chupa, mashine inatoa maji ya moto tu, na jua lote hili la Guangzhou, mwalimu mwenzangu eti laoshi, yaani mwalimu, kunywa hayohayo, ya baridi yanaharibu tumbo. Jamani! Na kesho kama kawa, saa moja na nusu getini.