Ukuta wa nyuma ya kochi

Kwa miaka mitatu kochi letu kubwa lilikuwa na kazi mbili: kukaliwa na kuficha ukuta. Nyuma yake, kuanzia sakafuni mpaka usawa wa goti, rangi ilikuwa imevimba kama andazi. Ukiigusa inapasuka na kumwaga unga mweupe. Watoto waliuita ukuta wa chumvi. Mwezi wa saba binti yetu akatuarifu kwamba upande wa pili wanataka kuja kuleta mahari Jumamosi ya mwisho ya Septemba. Siku hiyo makochi yangetolewa nje kupisha viti vya kukodi, na chumvi yetu ingebaki hadharani.

Tunaishi Tabata, Dar es Salaam, nyumba ya vyumba vitatu, sebule, jiko na korido. Mara ya mwisho kupaka rangi alisimamia mume wangu, ndiyo maana safari hii nilisema nitasimamia mimi.

Fundi wa kwanza nililetewa na jirani. Hakuvuka hata mlango wa sebule. Alihesabu vyumba kwa kidole akasema, "Mama, nipe laki nne na nusu ya ufundi, siku tatu nakukabidhi." Nikamwonyesha nyuma ya kochi. "Hiyo tunapiga skimingi tu," yaani tabaka jembamba la kulainishia ukuta, "inakufa." Neno hilo la "inakufa" nililisikia pia miaka mitatu nyuma, na ukuta haukufa. Fundi wa pili alikuwa na maneno matamu zaidi, ila alitaka nimkabidhi hela yote ya vifaa akanunue mwenyewe, na kwenye orodha yake kulikuwa na ndoo saba za lita 20. Nikamwambia nitampigia.

Wa tatu alikuwa mtu mzima, kapita hamsini, kaja na funguo zake tu mkononi. Akavuta kochi mwenyewe, akaanza kugonga ukuta kwa ufunguo, polepole, sikio karibu. Plasta nzima inajibu kavu, tok, tok. Akifika kwenye ugonjwa, mlio unakuwa wa debe tupu. Akachora mstari kwa penseli kuzunguka sehemu yote iliyolia debe, na mstari ule ulipanda juu kuliko nilivyodhani, mpaka kifuani kwangu. Kisha akauliza, "Nyuma ya ukuta huu kuna nini?"

Bafu.

"Basi mama, mimi siyo wa kuitwa kwanza. Anza na fundi bomba."

Hapo ndipo nilipomchagua, kabla hata hajataja bei. Mtu anayekataa hela yako leo ili kazi isimwaibishe kesho si wa kumwachia jirani.

Fundi bomba alikuta kiungo cha bomba la shawa ndani ya ukuta kinavuja tone tone. Akavunja vigae vinne kukifikia, na mpaka leo bafu letu lina vigae vinne vya rangi tofauti kwa sababu vile vya zamani havipatikani tena. Kumbe mara ya kwanza tulipaka rangi juu ya maji. Maji yakipita kwenye tofali na plasta hubeba chumvi iliyomo, yakifika usoni yanakauka, chumvi inabaki nyuma ya rangi na kuisukuma. Unaweza kuipaka rangi ya bei yoyote, itasukumwa tu.

Fundi rangi akarudi wiki ya kwanza ya Agosti, akabandua plasta yote ndani ya ule mstari wa penseli mpaka tofali zikaonekana. Akasafisha chumvi kwa brashi kavu, akanikataza kuimwagia maji kwa sababu ukiilowesha inarudi ndani. Halafu akafanya kitu ambacho nimeshawafundisha mashoga zangu watatu: alichukua kipande cha nailoni safi, akakibandika kwenye tofali kwa selotepu pande zote nne, hewa isipite. "Kesho asubuhi angalia upande wa ndani." Kesho yake kulikuwa na matone madogo kama jasho. Ukuta ulikuwa bado unatoa maji. Tukasubiri, tukabandika nailoni nyingine, siku ya nane ikatoka kavu. Ndipo akapiga plasta mpya, akasema hiyo haiguswi na rangi kwa wiki nne, simenti mbichi inaunguza rangi. Bahati nzuri ilikuwa kiangazi. Ingekuwa masika sijui ningewaambia nini wakwe.

Wakati plasta inakauka tukahamia vyumbani, na hapo ndipo pa kuzungumzia hela. Alianza na 620,000, tukashuka mpaka 580,000. Tuliandika kwenye daftari la shule la mwanangu wa mwisho: 150,000 ya kuanzia, 200,000 skimingi ikiisha nyumba nzima, 150,000 baada ya mkono wa kwanza wa rangi, yaani kupaka mara ya kwanza, na 80,000 wiki moja baada ya kukabidhi. Hiyo ya mwisho aliipinga kidogo. Nikamwambia, "Fundi, kama kazi ni nzuri, hiyo ni akiba yako kwangu." Akacheka, akasaini. Vifaa nilinunua mwenyewe. Yeye aliandika orodha, mimi nikaenda Kariakoo na kuuliza bei maduka mawili kabla ya kufungua pochi. Sikumwambia naenda duka gani. Siyo kwamba simwamini, ila cha juu nakijua, nimekulia mjini.

Hesabu ya rangi nayo nilimlazimisha tuifanye pamoja. Chumba chetu kimoja ni mita 3.5 kwa 3.5, kimo 2.8. Kuta nne zina urefu wa mita 14, zidisha kwa kimo unapata mita za mraba 39, toa mlango na dirisha inabaki kama 35. Mikono miwili ni 70. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta uliolainishwa inafunika kama mita za mraba 10, kwa hiyo chumba kinakula lita 7. Tulipomaliza nyumba nzima pamoja na silingi tulipata ndoo tatu na galoni mbili za lita nne, lita 68. Fundi wa ndoo saba alitaka lita 140. Sitasema zaidi.

Rangi yenyewe nilikaribia kukosea. Nilipenda krimu moja kwenye kadi ya dukani, nikanunua kopo la lita moja, nikapaka boksi la televisheni na kuliegemeza sebuleni. Asubuhi ilipendeza. Usiku chini ya taa yetu nyeupe ikageuka kijani cha zahanati. Tukaishia na rangi ya mchanga. Sebuleni nilichukua ya silki, imezidi bei ila inafutika. Vyumbani ile ya kawaida. Kwa kuwa ilichanganywa kwa mashine, ndoo na galoni za aina moja tulizimimina kwanza kwenye pipa moja na kukoroga, kusudi ukuta usije ukawa na vivuli viwili. Kile kikaratasi cha vipimo cha juu ya ndoo nimekipiga picha.

Skimingi pia ina siri yake. Ukuta wa kawaida alitumia jipsamu, lakini ule wa nyuma ya kochi unaopakana na bafu alikataa, akaomba puti ya simenti nyeupe. Jipsamu ikionja unyevu inalegea.

Sasa aibu yetu. Mkono wa kwanza wa vyumbani ulikwenda vizuri. Siku ya mkono wa pili nilikuwa kazini, na fundi alikuwa amekimbilia kazi yake nyingine, maana fundi mzuri ana kazi tatu kwa wakati mmoja, kamwachia saidia wake. Narudi jioni, chumba cha wavulana ukuta unaonekana kama umevaa khanga iliyochuja. Nikafungua pipa, nikachovya kijiti. Rangi ilitiririka kama uji wa mgonjwa. Kijana alikuwa amemimina maji ili rola iteleze. Nilimpigia fundi palepale, nikiwa nimeshika kijiti. Hakubisha. Alikuja kesho yake alfajiri, akaangalia, akamwangalia kijana kwa muda mrefu bila kusema neno. Tulikubaliana anarudia bila malipo, na galoni ya ziada tunachangia nusu kwa nusu. Ningeweza kumbana alipe yote. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nimempa kijana ndoo ya maji asubuhi, "ya kuoshea brashi", nikaondoka zangu.

Kosa langu jingine ni magazeti. Nilidhani yanatosha kufunika sakafu. Yanalowa, yanachanika, na tone linalopenya usipoliona linakauka juu ya kigae. Siku mbili nilikuwa chini na wembe. Chukua nailoni nene, na swichi uzifunike kwa tepu ya karatasi kabla fundi hajashika brashi.

Jikoni na kwenye nondo za madirisha kulikuwa na rangi ya mafuta ya zamani sana, tuliyoikuta tulipohamia. Kijana alianza kuipiga msasa mkavu, vumbi likajaa. Nikamsimamisha. Rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Akatumia msasa wa maji, na watoto wakalala kwa shangazi yao siku tatu, pia kwa ajili ya harufu ya tapentaini.

Katikati ya Septemba nyuma ya kochi palipakwa mwisho kabisa. Ndani ya ile wiki ya kusubiri ulitokea ufa mwembamba juu ya mlango wa korido. Fundi alikuja, akauziba, akarudia rangi, akachukua 80,000 yake. Tukanywa chai.

Wakwe walikuja wanane. Mshenga wao, mzee mmoja mwenye kanzu nyeupe na nywele zinazong'aa mafuta ya nazi, akachagua kiti kilichokuwa palepale pa ukuta wa chumvi, na mazungumzo yalipokolea akaegemeza kichwa ukutani. Mimi nilikuwa jikoni na sahani za pilau, mlango wazi kidogo. Dada yangu alikuja mara mbili kuninong'oneza mahari imefika wapi. Sikusikia hata tarakimu moja, nilikuwa nakitazama kile kichwa.

Walipoaga nikaenda moja kwa moja. Alama ya duara, kubwa kama kisosi, ilikuwa inameremeta kwenye rangi ya mchanga. Nikalowesha kitambaa, nikaweka tone la sabuni ya maji, nikafuta taratibu. Ikatoka yote.