Majani ya uani: yaandae hivi, gari la taka lisiyaache

Mkungu ukianza kupukutisha, ua mzima unageuka mwekundu ndani ya siku mbili. Anayefagia huyasukuma majani pembeni pamoja na makaratasi ya pipi, vifuniko vya chupa na mchanga, halafu vyote vinaingia kiroba kimoja. Kazi inaharibikia hapo. Majani matupu yana watu wanaoyataka. Yakishachanganyika na plastiki, hayana pa kwenda ila dampo la Pugu Kinyamwezi.

Zaidi ya nusu ya taka za Dar es Salaam ni vitu vinavyooza. Kule Mabwepande, Kinondoni, kuna kiwanda cha mboji kilichojengwa kwa ushirikiano wa manispaa na jiji la Hamburg, Ujerumani. Kwenye mboji, kipande cha mfuko hakiozi: kinakatikakatika tu kila rundo linapogeuzwa, na mwisho kinaishia kwenye tuta la mchicha la mtu. Kwa hiyo okota plastiki kwanza kwa mkono, ndipo ushike fagio. Penye nyasi tumia reki. Fagio la chelewa ni la sakafu na udongo mgumu. Kwenye mchanga linakomba mchanga, na mchanga ndio unaofanya kiroba cha majani kimshinde mtu kukinyanyua.

Nyasi zilizofyekwa leo zisifungwe leo. Robo tatu ya uzito wake, au zaidi, ni maji. Ukizishindilia mbichi kwenye mfuko, vijidudu vinaimaliza hewa iliyomo. Kesho yake mfuko una joto ukiushika, na keshokutwa unanuka kiasi cha kufukuza watu barazani. Zitandaze juani siku mbili, uzigeuze mchana. Zitakazobaki ni nyepesi na hazina harufu.

Mfuko mzuri ni salfeti iliyokuwa na kilo 50 za unga au mchele. Ijaze robo tatu, ubakize shingo ya kufunga kwa kamba ya katani, na uzito usizidi kilo 20 hivi, maana kijana wa gari anairusha juu ya kichwa chake, tena mara nyingi kwa siku. Mwombe aimwage akurudishie. Ila salfeti iliyoachwa juani miezi kadhaa usiitumie tena: inachanika nyuzinyuzi, na nyuzi hizo nazo ni plastiki.

Matawi yanaachwa barabarani kuliko kitu kingine, na sababu ni urefu. Lori la kushindilia likipewa tawi la mita tatu, linakwama kwa kukingama mdomoni, na wapakiaji hawako tayari kusimamisha kazi kwa ajili ya nyumba moja. Kata vipande vya mita moja, visivyozidi unene wa kifundo cha mkono, ulaze ncha zote upande mmoja, kisha funga sehemu mbili kwa katani. Usifunge kwa waya: waya unachana mikono, na ukiingia kwenye mashine unajizungusha. Bogenvilia ikate fupi zaidi, sentimita 30, uiweke kwenye salfeti mbili zilizovishana, kwa sababu miiba yake inapenya moja. Mnyaa uache unyauke kwanza na umwambie mpakiaji kilichomo. Utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa. Kuti la mnazi, kabla hujalikata vipande, ulizia jirani. Kuna anayesuka makuti, kuna anayechambua chelewa za fagio.

Siku ya gari iulize ofisi ya serikali ya mtaa, au mkandarasi mwenyewe. Ukipogoa mti mkubwa, patana bei kabla panga halijagusa tawi, maana ada ya mwezi kwa kawaida ni ya taka za nyumbani, na rundo la matawi lililokwisha kaa nje halina nguvu ya kujadili bei. Toa mizigo asubuhi. Ikilala nje ikanyeshewa, uzito unaruka na mbuzi wanafumua vifundo.

Wala usiiegemeze kwenye mtaro. Jani la mkungu ni pana kama sahani na gumu kama ngozi. Likifika kwenye wavu wa chuma linalala bapa, la pili linalifunika, mchanga unaziba pembeni, na mvua ya dakika ishirini inarudi barabarani. Ufagiaji mkubwa ufanyike Septemba kabla ya vuli, na Februari kabla ya masika.

Mwenye nafasi ya mita moja kwa mita moja hahitaji gari kwa majani. Weka madebe matatu ya majani makavu kwa debe moja la nyasi mbichi au maganda ya jikoni, tabaka juu ya tabaka, mpaka rundo lifike mita moja kwenda juu. Likiwa dogo joto linapotea. Majani ya mwembe na mkungu yakatekate kwa panga, mazima yanagandamana kama kurasa na hewa haipiti. Ukikamua konzi ya rundo, yatoke matone mawili tu. Sisimizi wakihamia, pamekauka, ongeza maji. Likinuka yai viza, pamelowa, changanya majani makavu. Geuza kila wiki mbili, na kwa joto la Dar mboji inaiva miezi mitatu hadi minne.

Ndago zisiingie humo. Pembezoni mwa rundo joto halitoshi kuua vile vijiazi vyake, na kimoja kikipona unakirudisha bustanini pamoja na mbolea ya kukilishia. Zianike juu ya bati mpaka vijiazi vikauke kabisa.