Sinia na Vidumbak

Kikundini kwetu tunaiita sinia. Jina lake hasa ni Roland HandSonic HPD-20, mashine ya duara yenye pedi 13 za mpira unazozipiga kwa vidole na viganja, bila vijiti. Siku nilipoitoa mfukoni mara ya kwanza, Maalim wetu wa sanduku aliizunguka, akaitazama juu na chini, akauliza pilau iko wapi. Jina likakaa.

Sisi tunapiga kidumbak, Unguja, Ng'ambo. Kwa asiyetujua, kidumbak ni ndugu mdogo wa taarab; wazee wakiiita kitaarab. Kuna fidla, mkwasa (vijiti vya kugonganisha), cherewa (manyanga ya kutikisa), na sanduku, lile boksi la mbao lenye fimbo na kamba moja ambalo ndilo besi yetu. Halafu kuna vidumbak vyenyewe viwili, ngoma ndogo za ngozi, kimoja kikali na kingine kizito kidogo, vinavyopigwa na mtu mmoja. Mtu huyo ni mie. Tunapiga zaidi harusini, watu wamekaa karibu yetu kiasi cha kutukanyaga miguu.

Na harusi haziogopi masika. Ngozi ya mbuzi hunywa unyevu kama mkate unavyokunywa chai. Ikinywa hulegea, ikilegea sauti hushuka, na kidumbak kilicholegea ni sawa na kupiga godoro. Dawa yake ni moto: unawasha makumbi au karatasi, unakizungusha kidumbak juu ya ndimi zake, unagonga, unasikiliza, unarudisha tena, mpaka kikujibu. Sasa fikiria uko ndani ya turubai la kukodi, mvua inapiga, na mwenye turubai kasimama nyuma yako hataki kuona hata kiberiti. Usiku mmoja wa Aprili 2019 nilipiga saa nzima kwenye ngozi iliyokufa. Watu walicheza, maana aliyekuja kucheza hazuiliki. Lakini nilimwona bibi mmoja akimnong'oneza mwenzake huku ananitazama mikono. Hilo lilinitosha.

Binamu yangu aliyeko Maskati alinitafutia sinia hili, limetumika lakini zima. Pesa ilitoka kwenye fungu la kubadilisha bati la jikoni, na mke wangu hunikumbusha kila linapovuja. Nilikuwa nimeangalia pia Korg Wavedrum, yenye kiwambo kimoja cha plastiki cha kuwambwa kweli, ambayo kwa mkono wa mpiga ngoma ni tamu zaidi. Nilichagua hii kwa sababu ina pedi nyingi na ina mlango wa flashi wa kuingiza sauti zangu mwenyewe. Huo mlango wa flashi ndio ulioniokoa, ingawa niliuacha bila kuugusa miezi minne.

Miezi hiyo minne nilikuwa nafanya ujinga. Mashine inakuja na sauti 850: konga, tabla, darbuka, djembe, mpaka vyombo ambavyo sijui hata vinashikwaje. Nikachagua darbuka nzuri kuliko zote, nikaiunganisha moja kwa moja kwenye mitambo ya muziki ya pale harusini, ile yenye spika mbili kubwa kama makabati. Nilidhani nimefika.

Kilichotokea ni hiki. Wimbo tulioanza kwa mwendo wa bibi harusi ulimalizika tunakimbia kama tumeiba kuku. Maalim aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, una haraka ya kwenda wapi?" Sikuwa na jibu usiku ule. Nililipata nyumbani, kwa hesabu ya skuli. Sauti inakwenda kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Spika zilikuwa kama mita 12 kutoka nilipokaa, kwa hiyo kila pigo langu lilinifikia baada ya milisekunde 35 hivi. Kwa mtu anayesikiliza redio hiyo si kitu. Kwa mpiga ngoma, kiganja kimeshatua na sauti bado iko njiani. Basi nikawa bila kujua nasukuma mbele ili ya spika ilingane na wenzangu, Maalim ananifuata mie, fidla inamfuata Maalim, na mie nasukuma tena.

Kijana mmoja wa mitambo alinishauri nitumie spika ya bluetooth, niiweke karibu. Nilijaribu nyumbani kwa dakika tano. Bluetooth inachelewa zaidi ya lile turubai lote. Unapiga, unahesabu, ndipo inalia. Usithubutu. Waya tu.

Nilichofanya ni kutafuta spika ndogo ya kinanda, ya kuweka sakafuni kando ya goti langu la kulia, imeelekea kule kule vinakoelekea vidumbak. Ikawa sauti ya sinia inatoka mahali pale pale inapotoka ya ngozi. Na pale hadhira inapokuwa kubwa, sisi hatuchukui tena waya kutoka kwenye sinia kwenda mitamboni. Tunaomba kipaza sauti kimoja kiwekwe mbele yetu, kama hatua moja, kisikie ngozi na spika ndogo kwa pamoja, kama anavyosikia mgeni aliyekaa mbele. Vijana wa mitambo hawapendi, wanasema hawawezi kurekebisha kila kitu peke yake. Ndiyo maana yake.

Sauti ipande kiasi gani? Mwanzo nilikuwa naamua mwenyewe, na mpigaji siku zote hujionea huruma. Sasa anaamua Maalim kutoka kwenye sanduku lake. Nagonga kidumbak kikali kwa vidole viwili, polepole, huku mkono mwingine unapiga sinia. Asipokisikia kidumbak, hutikisa kichwa, nami nashusha. Nimeshusha mara nyingi kuliko nilivyopandisha.

Hata hivyo ile darbuka ya ndani haikukaa. Ilikuwa safi mno, imekatwa kucha. Ukiipiga kando ya kidumbak chetu ilikuwa kama mgeni aliyevaa suti pwani. Hapo ndipo nilipoukumbuka mlango wa flashi. Jumapili moja ya kiangazi, baada ya kuvipasha moto vidumbak vizuri, niliingia chumba cha kulala, nikatundika mablanketi mawili ukutani, godoro nikalisimamisha nyuma yangu, na kinasa sauti cha kuazima nikakiweka kama shubiri mbili kutoka kwenye ngozi. Nikapiga pigo moja moja: la wazi, la kuziba, la ukingoni, la kiganja kizima. Kila moja mara tatu, laini, wastani na zito. Jogoo wa jirani aliingia kwenye mapigo kadhaa, nikayarudia. Mashine inataka faili za WAV, biti 16, 44.1 kHz; ukiipa nyingine inazikataa bila adabu. Kila pedi inabeba sauti mbili, kwa hiyo nikaweka pigo laini na pigo zito pamoja, uzito wa mkono ndio unaochagua.

Siku ya mazoezi nilipiga bila kusema kitu. Mpiga fidla aligeuka kuangalia kama nimeleta kidumbak cha tatu.

Nikaja kugundua jambo ambalo nadhani wengi wanaochanganya umeme na ngozi hawalisemi. Ngozi haikai mahali pamoja usiku kucha. Tunaanza saa tatu, vidumbak vimetoka motoni, vinalia juu. Ikifika saa tano umande umeingia, vimeshuka kidogo. Saa saba vimeshuka zaidi. Hatusikii kwa sababu tunashuka navyo, sanduku Maalim analilegeza, mwimbaji naye anateremka. Sinia halishuki. Saa saba ya usiku lilikuwa bado linalia saa tatu, kama redio ya nyumba ya pili.

Mwanzo nilijaribu kuzivuta ngozi zilifuate: moto kila baada ya nyimbo tatu. Nilikaribia kuchoma kimoja, harufu ya nywele za mbuzi ikajaa turubai. Halafu nikajiuliza kwa nini namlazimisha mzee amfuate mtoto. Mashine ina sehemu ya kupandisha na kushusha kila sauti. Nikatengeneza seti tatu za sauti zile zile, kila moja imeteremshwa kidogo kuliko iliyotangulia, nikaziandika majina kwenye kioo chake: SAA3, SAA5, SAA7. Nagonga ngozi, nasikiliza, nabadilisha. Tukipata nafasi ya kuvipasha vidumbak katikati ya usiku, narudi SAA3. Kwenye masika naweza kuanzia SAA5 tangu mwanzo.

Kuna suala la nani apige nini, na hapa Maalim alikuwa na lake moyoni. Yeye ameiona miaka ya tisini, vinanda vilipoingia kwenye taarab ya kisasa na kitufe kimoja cha mdundo kikachukua mkate wa wapiga dumbak, bongo na rika (tari ndogo yenye visahani vya kulia). Vyombo vya kigeni si tatizo lake. Ikhwan Safaa ipo tangu 1905 na taarab yetu imebeba fidla, ganuni na akodiani za watu, zikawa zetu. Alichokiogopa ni kitufe. "Likijipiga lenyewe," aliniambia, "mie naondoka na sanduku langu." Nilimwahidi kwamba sinia halitalia bila mkono juu yake. Mashine ina midundo na mambo ya kujirudia, sijayafungua tena.

Besi pia nimeitoa. Nilikuwa nimeweka ngoma moja nene kwenye pedi ya chini, naipenda mno, inatikisa kifua. Lakini ilikuwa imekaa palepale linapokaa sanduku, na vitu viwili kwenye kiti kimoja vinasukumana tu. Sasa sinia lina rika, dumbak la kati, na kidumbak cha akiba, basi. Kwenye nyimbo zetu za asili mara nyingi halipigwi kabisa au linaongeza rika tu. Wakiomba taarab ya zamani, hapo linapata kazi. Na ngozi zikifa kwa mvua, kile kidumbak cha akiba kinabeba mzigo mpaka tupate moto. Ngoma za unyago sijazinasa na sitazinasa. Zina wenyewe, na wenyewe si wanaume.

Mikono ilichukua muda. Ngozi hukurudishia kiganja, mpira unakimeza. Wiki za mwanzo viwiko viliniuma kwa sababu nilikuwa napiga kwa nguvu ili nisikie zaidi, na mashine haitaki nguvu. Nilipandisha wepesi wa pedi kuhisi, nikalazimisha vidole kupiga kama vinabisha mlango wa mtu aliyelala. Usivae pete.

Umeme nao. Adapta ya kampuni hii ni volti 9, na hasi yake iko katikati, kinyume cha nyingi za nyumbani, kwa hiyo usikubali adapta ya kuazima kwa kuwa tundu limeingia. Yangu nimeiandika jina kwa rangi ya kucha ya mke wangu. Tunatembea pia na betri ya gari na inveta, ambayo kazi yake niliijua vizuri kwenye harusi moja ya Novemba iliyopita.

Ilikuwa imepita saa sita, wimbo katikati, taa zikazimika mtaa mzima. Sinia likanyamaza chini ya mikono yangu. Nikahamia vidumbak bila kukata, Maalim hakuacha hata kamba moja, fidla ikaendelea, wanawake wakawasha tochi za simu na kucheza zaidi ya mwanzo. Nyimbo mbili zilipita hivyo, ngozi tupu, zimelegea na umande, nzito, tamu. Kijana wetu wa cherewa akawa gizani anahangaika na betri. Mara spika ndogo ikakohoa, kioo cha sinia kikawaka. Kwa papara nikabonyeza SAA3, nikashusha kiganja kwa nguvu.

Lililia juu, kavu, kali, kama limetoka motoni sasa hivi. Maalim aliacha kamba, akageuka.

"Hilo lako," akasema, "limeota moto wapi na sie tuko gizani?"