Elfu kumi imesomwa kumi

Naandika kiprogramu cha kujumlisha mauzo ya duka la mama mdogo, nimekiandika kwa lugha ya C, na yeye bei anaziandika kama tunavyoandika wote, 10,000/=. Nikachukua atoi, funksheni iliyomo kwenye C, igeuze hizo stringi (yaani maandishi) ziwe namba, nikatesti "42" ikarudi 42, nikatesti "-7" ikarudi -7, nikaona imetulia. Jioni jumla ya siku nzima inatoka shilingi 143!

Kumbe atoi inasoma tarakimu mpaka ikutane na kitu isichokijua, hapo inasimama inakurudishia ilichopata. Ikafika kwenye koma ikaishia hapo, elfu kumi ikawa kumi, na wala haisemi kitu, hicho ndo kinachoniuma. Ukiipa "elfu kumi" kwa maneno unapata 0, ukiipa "0" unapata 0, sasa utajuaje ipi ni sifuri ya kweli na ipi imeshindwa kusoma?

Nikahamia strtol, funksheni nyingine ya C ya kazi hiyohiyo. Yenyewe inakupa pointa, yaani anwani, ya pale iliposimama, kama haijafika mwisho wa stringi ujue kuna uchafu umebaki, na namba ikizidi uwezo inaweka ERANGE (kosa la kuzidi kikomo) kwenye errno, sehemu ambayo C inaandika namba ya kosa, ila errno uiweke 0 wewe mwenyewe kabla ya kuiita. Na besi, yaani msingi wa kuhesabia, andika 10, ukiweka 0 basi "010" inasomwa kwa besi 8 kwa sababu ya sifuri ya mbele, inakuwa 8.

Halafu nikaandika ya kwangu kabisa, nielewe. Testi iliyonisumbua usiku mzima ni "-2147483648". Nilikuwa najenga namba ikiwa chanya, mwishoni nageuza alama, na int (namba nzima ya C) ya biti 32 upande wa chanya inaishia 2147483647, yaani inafurika kabla hata hujafika kwenye kugeuza. Dawa ni kujenga upande wa hasi, ndo Integer.parseInt, funksheni ya kazi hiyo kwenye lugha ya Java, inavyofanya, ile kodi yake isome, ni nzuri sana.

Sasa natesti stringi tupu, nafasi tupu, "-" peke yake, "--5", "12abc", na ile moja juu ya kikomo. Namba za simu sizigusi, 0712 ikigeuzwa sifuri ya mbele inapotea, ziache stringi.

Koma na /= nazitoa kwanza, kingine chochote nakataa na kuonyesha mstari wenyewe. Jana imekataa "1O,000", mama mdogo kaandika herufi O badala ya sifuri. Atoi ingesoma 1.